Bwana Shimba Hajafika Bado

Pasiansi, Mwanza
Jumapili jioni, Novemba

Kaka Yeremia,

Shikamoo. Nakusalimu kwa heshima zote unazozidai, na nyingine nimeziongeza kwa hiari yangu. Mgongo unaendeleaje? Wifi Justa aliniambia siku hizi unalala sakafuni kama askari jeshi na hutaki kwenda hospitali. Nenda hospitali. Venant naye mwambie shangazi yake ameiona ripoti ya shule aliyoituma na amefurahi, ila hesabu azikazanie. Sisi huku ni wazima. Mama ni mzima kupita kiasi: leo asubuhi nimemkuta juu ya lile jiwe kubwa la nyuma anamfukuza pimbi aliyekula mchicha wake, na nilipomwomba ashuke akaniambia kama naogopa nifumbe macho.

Najua unashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa mtu mwenye duka la steshenari Igoma. Sababu ni kwamba kwenye simu wewe hujibu neno moja tu, "Sawa", na kwenye kundi la ukoo shangazi Hellen husoma hata yale ambayo hayajaandikwa. Haya ninayotaka kukuambia ni yako peke yako. Barua ataileta Masalu, ambaye kesho anapanda basi la Dodoma na mzigo wake wa dagaa, kwa hiyo ukisikia bahasha inanuka usinilaumu. Anao pia mfuko wa michembe, vile viazi vya kukausha, kutoka kwa mama. Nimeambiwa nisiionje njiani, kana kwamba ninayesafiri ni mimi.

Acha nianzie mbali kidogo, ingawa mengine unayajua kwa kuwa uliyasema mwenyewe.

Siku tulipomaliza matanga ya baba ulisimama mbele ya ukoo ukasema nyumba iuzwe. Ulisema nyumba kubwa kando ya ziwa yenye mama mmoja ndani yake ni mzigo, kwamba mama atahamia kwako, na kwamba Bwana Chenge yuko tayari kuichukua ili aibomoe na kujenga ghala la saruji. Mimi nikaleta mdomo, nikasema tuwape watu wa mapumziko walale humo na walipie. Nawe, ili ninyamaze tu, ukanipa mpaka Krismasi. Ikipata wageni wa kuifanya ijitunze, inabaki. Isipopata, Chenge. Ukaondoka na gari la usiku. Mama alikuwa amekujibu sawa mwanangu mbele ya watu wote, na baada ya wewe kuondoka aliingia jikoni akaanza kufunga sufuria zake kwenye magazeti, moja moja. Wewe hukuziona zile sufuria. Mimi niliziona, kaka, na ndiyo maana tangazo la kwanza niliandika nikiwa na hasira.

Mtu mwenye hasira haandiki tangazo zuri. Niliangalia wenzetu wenye nyumba za wageni wanaandikaje, nikaandika hivyohivyo: utulivu wa hali ya juu, mandhari ya kuvutia, faragha kamili kwa familia na wapenzi wa asili. Nikampaka mama mafuta kwa maneno mengi mpaka akakubali kuhamia vyumba vya uani. Halafu nikamleta Queen, yule binti wa baba mdogo Machibya anayejua kupiga picha. Akaitegesha simu ijipige yenyewe, nami nikamkalisha kwenye kiti cha baba barazani, na kofia pana, na glasi mkononi. Ile glasi ambayo watu wote walidhani ni juisi ilikuwa chai ya rangi iliyopoa. Mbuzi wa jirani tuliwafukuza wasionekane, na kamba ya nguo tukaishusha. Tukaweka kila kitu mtandaoni, tukakaa kusubiri.

Hakuja mtu. Nilikuwa naifungua simu kila nikimaliza kumtolea mteja kopi, mpaka wateja wa Igoma wakadhani nina mchumba mpya.

Queen ndiye aliyeniambia kosa liko wapi. Alisema siku hizi mtu hatazami picha, anatazama waliotangulia kulala hapo wamesema nini, na sisi ukurasa wetu ulikuwa mweupe. Nikaona hilo ni jambo dogo. Kwani ni nani katika ukoo huu hajawahi kulala kwa baba? Nikatangaza kwenye kundi kwamba kila aliyewahi kulala katika nyumba ile aingie kwenye ukurasa aandike maoni yake kwa uaminifu.

Waliandika kwa uaminifu, kaka, na wewe uliyasoma. Baba mdogo Machibya wa Misungwi aliandika kwamba alilala kwenye nyumba hiyo wakati wa msiba, kwamba marehemu alilazwa sebuleni, watu walikuwa wengi lakini chakula hakikupungua, na kwamba anamshukuru Mungu. Akatoa nyota zote. Shangazi Hellen alisifia upepo wa ziwani, kisha akauliza ni nani aliyeondoka na sufuria yake yenye mfuniko wa bluu. Mtu mwingine wa upande wa mama akamjibu palepale, chini ya picha ya Queen na kofia yake, kwamba sufuria iko kwake na aje aichukue. Mwingine akaandika tu kwamba tumefika salama, ng'ombe wazima, mvua bado.

Wewe ulikuja juu. Ulituma ujumbe mrefu kuliko yote uliyowahi kutuma, ukasema tangazo si kikao cha ukoo, na kwamba mgeni yeyote mwenye akili atajua mara moja kuwa wote hawa ni ndugu wanaojisifia. Ukasema mtu akitaka kudanganya awe na akili ya kudanganya. Naomba uyakumbuke maneno hayo, maana nitayarudia huko mbele.

Nilitaka kuyafuta yale maoni yote. Kabla sijafuta, ukaingia ujumbe kutoka kwa mwanamke wa Dar es Salaam anayeitwa Najat. Alisema amesoma kila kitu kuanzia juu hadi chini, amecheka mpaka mume wake akaja kumwangalia, na anaomba kuuliza kwa adabu kama mtu asiye ndugu anaruhusiwa kulala kwenye nyumba hiyo. Alisema yeye na mumewe Farouk wamelelewa mjini, wazazi wao wametangulia mbele ya haki, na watoto wao likizo zikifika hawana pa kwenda kusalimia. Nilimsomea mama. Mama aliacha kupepeta mchele, akasema niwajibu waje, undugu wataukuta hapahapa.

Basi wakaja. Na sasa nikueleze mama alivyowapokea, kwa sababu hapo ndipo biashara yetu ilipoharibika na ndipo ilipotengenezeka.

Nilikuwa nimemfundisha. Nilimwambia hawa ni wageni wa kulipa, watajipikia wenyewe, wanataka faragha, asiwasogelee. Akakubali kwa kichwa, kama anavyokubali kila kitu. Asubuhi yake nilipofika kutoka Igoma nilimkuta amekaa katikati ya sebule na watoto wa Najat pande zote mbili, anawafundisha kuamkia kwa Kisukuma. Mbele yao kuna viazi na uji wa ulezi. Alikuwa amemwita Mzee Shaibu wa jirani aje kumchinja jogoo ili wageni wale bila wasiwasi, na Mzee Shaibu alipomaliza naye akakaa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aondoke. Nilimvuta mama pembeni nikamuuliza faragha iko wapi. Akaniuliza mimi nimeona wapi mgeni anapelekwa chumbani na kuachwa peke yake kama mgonjwa.

Farouk alikuwa bado hajatoka. Nikaambiwa yuko chumba cha mwambani, anahangaika na mlango. Unaujua mlango ule: jiwe liliusukuma ukuta zamani, na usipouinua kwa kitasa ndipo usukume, haufunguki. Mtu wa watu alikuwa ndani tangu alfajiri anaogopa kupiga kelele, anadhani amefungiwa kwa kosa fulani alilofanya. Mama alikwenda akamfundisha kupitia upenyo wa mlango, inua kwanza baba, inua, sasa sukuma. Alipotoka alikuwa na jasho, na watoto wake wakampigia makofi. Aibu ilimpata, akatuomba tusilitaje jambo hilo popote. Tumelinyamazia, na hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kuliandika.

Siku ya kuondoka mama aliwapa michembe na kuku hai. Nilimwambia hawa wanapanda ndege. Akasema kuku pia ni ndege. Kuku akabaki kwa Mzee Shaibu, na mpaka leo anaitwa kuku wa Najat, na kila akitaga Najat anatumiwa picha.

Najat aliporudi kwake aliandika kwamba watoto wake sasa wana bibi Mwanza. Hilo tu. Sikuwahi kuona mistari michache inafanya kazi kama ile. Niliketi chini nikafuta tangazo langu lote, utulivu na faragha na wapenzi wa asili, nikaandika upya: Nyumba ya Mama Yeremia, Pasiansi, kando ya ziwa. Utapokewa, utakula, utaulizwa unatoka wapi. Mbuzi wapo. Kama unataka kuachwa peke yako, zipo hoteli nzuri mjini. Tukapiga picha nyingine na kamba ya nguo ikiwa juu, mama mbele anacheka kwa sababu Queen alijikwaa. Maoni ya ukoo sikuyafuta. Kibao cha getini alikiandika fundi Kashindye, yule wa milango, na ndiyo kazi pekee ambayo mama amemruhusu kufanya katika nyumba ile.

Simu zikaanza. Walikuja walimu wastaafu kutoka Tabora, wakaja vijana wawili wa fungate kutoka Arusha ambao mama aliwapa mawaidha mpaka wakaomba yaandikwe. Alikuja mzungu mmoja mrefu ambaye sasa anakula ugali kwa mkono na kumwita Mzee Shaibu mjomba. Na kila mgeni, kaka, akishasoma kibao cha getini, akishakula, huuliza swali lilelile: huyo Yeremia ni nani, na yuko wapi? Mama huwajibu kwamba ni kifungua mimba wake, ana kazi nyingi Dodoma, anakuja. Anasema anakuja kama mtu anayekuambia maji yanachemka. Mimi huwa natoka nje.

Halafu ikaja miezi mibaya. Wadudu wa ziwani waliamka kwa wingi, wakitanda kama moshi juu ya maji na kuingia mpaka kwenye chai, na baada yao magugu maji yakaziba ufukwe. Waliokuwa wameweka nafasi wakaahirisha. Siku moja nikamkuta Bwana Chenge uani na watu wake wa kupima, ananiambia kwa upole kwamba anajiandaa tu. Mama alikuwa amewakaribisha viti. Jioni ile niliona gazeti moja mezani jikoni, na juu yake sufuria. Nililia, sikufichi. Nililia nikiwa nimesimama, kwa sababu sikutaka mama anikute nimekaa nalia.

Ndipo akatokea Bwana Shimba.

Aliweka nafasi kwa ujumbe mfupi, namba siijui, wiki nzima, chumba cha mwambani. Malipo yalikuja siku hiyohiyo kupitia wakala. Nilimkimbilia mama na habari. Aliniuliza jina mara ya pili, nikalirudia, naye akasema mgeni huyo atampikia nsansa. Nilimshangaa. Mtu amelipa pesa zake, tumpe majani ya kunde yaliyokaushwa juani? Nikasema tumnunulie sato mkubwa. Mama akasema sato atakuwepo, lakini nsansa za karanga lazima.

Bwana Shimba hakuja. Alituma ujumbe kwamba amepata dharura na tusirudishe malipo. Mama alisubiri mpaka chakula kikapoa, akakifunika, akasema labda kesho. Baada ya muda akaweka nafasi tena, akalipa tena, mama akapika nsansa tena, na Bwana Shimba akapata dharura tena. Mara ya tatu nikaanza kumwonea huruma, nikadhani ni mtu mwenye maradhi. Lakini kwa malipo yake tulilimaliza paa, tuliwalipa vijana walioondoa magugu maji ufukweni, na wageni wengine wakaanza kurudi. Sasa hivi nakuandikia nikiwa barazani na nyumba imejaa, na Desemba imeshikwa karibu yote. Kwenye kikao cha ukoo cha Krismasi nitafika kichwa juu.

Wiki iliyopita Bwana Shimba, ambaye hajakanyaga hapa hata siku moja, aliandika maoni kwenye ukurasa wetu. Ametoa nyota zote. Anasema nyumba ni nzuri, hewa ni safi, mwenyeji ni mkarimu. Kisha anasema chumba cha mwambani ndicho bora kuliko vyote, na kwamba mlango wake ukiuinua kidogo kabla ya kusukuma unafunguka bila kelele na hauamshi mtu uani.

Kaka, nilisoma mstari ule nikiwa dukani na mteja mbele yangu. Nilicheka mpaka nikakaa chini ya kaunta. Halafu nikaacha kucheka.

Mtu akitaka kudanganya awe na akili ya kudanganya. Nani alimwambia Bwana Shimba habari za mlango? Na ni mgeni gani wa kulipa anayehitaji kuingia chumbani mwake bila kuamsha watu, kama si kijana wa nyumba ile aliyekuwa anatoka muziki Kirumba? Umemgombeza baba mdogo Machibya mbele ya ukoo mzima, kumbe wewe mwenyewe umeandika kama ndugu kuliko ndugu wote.

Nilifunga duka nikaenda kwa mama nikidhani nampelekea habari. Alikuwa anachambua mchele. Akanisikiliza hadi mwisho, akatoa jiwe moja, akalitupa, akasema alijua tangu siku ya kwanza niliyomtajia jina. Shimba alikuwa mbwa wako. Mimi nilikuwa sijazaliwa, ndiyo maana jina halikuniambia kitu. Anasema alipokufa uligoma kula, na kitu cha kwanza ulichokubali kuweka mdomoni kilikuwa nsansa za karanga. Yaani majina yote yaliyopo duniani, ukachagua la mbwa. Na kuhusu mlango, anasema nikuambie alikuwa anakusikia kila mara.

Nilimuuliza kwa nini basi alikuwa anapika, ikiwa alijua huji. Akasema hakujua kama huji. Alijua kwamba ni wewe.

Sasa nami nikiri langu. Chenge alirudi juzi na kamba yake ya kupimia. Nilimwambia asijisumbue, kaka amebadili mawazo na nyumba haiuzwi. Nilimwambia hivyo bila kukuuliza, nikamwangalia machoni, na akakunja kamba yake akaondoka. Sijui kama nilimdanganya. Wewe ndiye unayejua.

Najua kinachokusumbua. Ulisema mbele ya wazee wote, na mkubwa akishasema mbele ya wazee huona haya kuyameza maneno yake. Ndiyo maana ulikuwa unalipa gizani na kuonyesha ukali mchana. Lakini hakuna anayekudai maelezo. Masharti yalikuwa yako: ikileta wageni inabaki, na imeleta. Simama kwenye kikao useme hivyo tu, nami nitapiga makofi bila kuongeza neno, jambo ambalo litamshangaza kila mtu. Ila kikao si kitu, kaka. Tangu matanga hujaja. Umemtumia mama pesa kwa jina la mbwa badala ya kuja kukaa naye barazani. Tunakukumbuka, na mimi nakukumbuka zaidi ya ninavyoonyesha ninapokutania.

Kwa hiyo wiki ya Krismasi nimeikataa kwa watu wa Arusha waliokuwa wanaililia. Chumba cha mwambani kimeandikwa Bwana Shimba, pamoja na mkewe na mwanawe. Nafasi hii haiahirishwi, na dharura hazipokelewi.

Msalimie sana wifi Justa, mwambie vile vitenge vyake viko tayari kwa fundi. Mbusu Venant hata kama anajiona mkubwa. Mzee Shaibu anakusalimu, Queen anakusalimu, na kuku wa Najat naye nimeahidi kumtaja. Mgongo uufanyie mazoezi, safari ya basi ni ndefu.

Fundi Kashindye alikuja tena kutaka kuurekebisha mlango ule. Mama amemrudisha. Amemwambia uachwe kama ulivyo, mwenye kuujua yuko njiani. Na hapa amesimama nyuma yangu, anataka niongeze neno lake la mwisho kabla sijafunga bahasha: nsansa ameshaanika, na safari hii usilipe.

Mdogo wako akupendaye,
Selina